Maswali na Majibu: Ishara za Mikono, Meseji za "Ile Hela" na SVM

Tangu tuigusie SVM kwenye safu hii, maswali yamemiminika, mengi kutoka kwa wanafunzi wanaohangaika na mradi wa mwaka wa mwisho. Nimechagua machache. Yaliyofanana nimeyaunganisha, marefu nimeyapunguza.

SVM yenyewe ni kitu gani? Nieleze bila hesabu, mimi ni mtu wa biashara. (Msomaji, Temeke)

Ni njia ya kuifundisha kompyuta kupanga vitu katika makundi kwa kuipa mifano. Kila mfano hugeuzwa kuwa namba, namba hizo zinaupa mfano mahali pake kwenye ramani, kisha kompyuta inatafuta mpaka wa kutenganisha kundi hili na lile. Mipaka inayofaa huwa mingi. SVM huchagua ule unaoacha nafasi kubwa kuliko yote pande zote mbili, na nafasi hiyo tunaiita pambizo.

Kama umewahi kununua kiwanja Chanika, unajua kwamba mpaka huamuliwa na bikoni, si na nyumba iliyojengwa katikati. Hapa pia mifano michache iliyo karibu na mpaka ndiyo inayoushikilia. Hiyo ndiyo vekta egemezi (support vector) iliyoipa njia hii jina, Support Vector Machine. Mifano mingine yote ukiifuta na kufundisha upya, mpaka hausogei.

Na makundi yakiwa yameingiliana hata mstari ulionyooka haupiti? Hapo inaingia keneli, kanuni ya kupima mifano miwili inafanana kiasi gani. Kwa keneli, SVM inaweza kupata mpaka uliopinda, hata wa kuzunguka kundi zima.

Shikamoo mwalimu. Natambua herufi za vidole za Lugha ya Alama ya Tanzania kwa kamera ya laptopu na MediaPipe. Nina ishara 10. Nilijirekodi video, nikatoa picha zote, nikazichanganya, nikatenga asilimia 20 za kupimia. Napata asilimia 99. Nikimwita mwenzangu wa hosteli ajaribu, inakosea karibu nusu. Mwezi ujao natetea mradi. (Mwanafunzi, Mwenge)

Marahaba. Hiyo 99 haina thamani, na afadhali umegundua wewe kabla ya msimamizi wako.

Kamera ya kawaida hupiga picha 30 kwa sekunde. Ukishikilia ishara moja kwa sekunde 10 umepata picha 300, na picha ya 114 na ya 115 ni kitu kilekile. Ulipozichanganya, ya 114 ikaenda kwenye mafunzo na ya 115 kwenye mtihani. Modeli imefanya mtihani ambao majibu yake ilishayaona jana yake. Imekariri mkono wako, shati lako na ukuta wa chumba chako.

Dawa ni kugawa data kwa watu, si kwa picha. Rekodi watu sita, ikiwezekana zaidi, wenye mikono ya ukubwa tofauti, na awepo anayetumia kushoto. Fundisha kwa watano, pima kwa wa sita, kisha zungusha mpaka kila mmoja awe amepimiwa. Kwenye scikit-learn, maktaba ya Python, kazi hiyo hufanywa na LeaveOneGroupOut: unaipa orodha inayosema kila picha ni ya nani, yenyewe inagawa. Jiandae kuona asilimia ikiporomoka. Ndiyo utakayoiandika kwenye ripoti.

Sasa tuje kwenye sifa, yaani namba unazoilisha SVM. Unasema unatumia MediaPipe, programu ya Google inayotafuta mkono ndani ya picha, vizuri. Inakupa pointi 21 za mkono, kila moja na x, y na z, jumla namba 63. Lakini ukizitumia mbichi, mkono ulio kushoto mwa picha unaonekana tofauti na uleule ulio kulia, na wa karibu na kamera unaonekana tofauti na wa mbali. Kwa hiyo fanya mambo matatu kabla ya kufundisha. Kwanza, toa pointi namba 0, ambayo ni kifundo cha mkono, kwenye pointi zote, ili kila mkono uanzie mahali pamoja. Pili, gawanya kila kitu kwa umbali wa kutoka pointi 0 hadi pointi 9, pale kidole cha kati kinapoanzia, ili ukubwa wa mkono usiwe hoja. Tatu, mkono ukiwa wa kushoto, geuza alama ya x. Ni mistari michache ya Python, na kwa mradi wa aina hii naiamini kuliko wiki nzima ya kuhangaika na keneli.

Ukimaliza, usitazame asilimia ya jumla peke yake. Chora jedwali la ishara gani imedhaniwa kuwa ipi. Ishara 10 maana yake, ndani ya SVC, yaani SVM ya scikit-learn, kuna mipaka 45, mmoja kwa kila jozi, na kawaida tatizo liko kwenye jozi mbili tatu zinazotofautiana kwa mkao wa gumba tu. Kwa jozi hizo ongeza sifa inayopima gumba moja kwa moja, mfano umbali wa ncha yake hadi ncha ya kidole cha shahada.

Jambo la mwisho, nalo silo la kompyuta. Kichwa cha mradi wako kinasema "mkalimani wa lugha ya alama". Kibadilishe. Lugha ya alama ina mwendo, ina mahali ishara inapofanyika, ina uso unaobeba sarufi. Wewe unatambua maumbo 10 ya vidole yaliyotulia, na hilo linatosha kwa mradi wa shahada ya kwanza. Halafu watafute viziwi wenyewe wakurekodie na wakukosoe, uwalipe angalau nauli. Umbo la herufi mliloliiga ninyi wasikiaji kutoka kwenye bango huenda silo wanaloliona mikononi mwao kila siku.

Simu ya duka inapokea meseji nyingi za wateja, na katikati wamo wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mwanangu anasomea kompyuta, amejaribu kuzichuja kwa SVM. Tulikusanya meseji 2,000, za utapeli 100. Anajivunia asilimia 95. Niiamini? (Mama mwenye duka, Kariakoo)

Mama, muulize kijana swali moja: kati ya zile 100 za matapeli, imekamata ngapi? Maana programu ya mstari mmoja inayosema "zote ni safi" nayo ingepata asilimia 95 kamili bila kusoma hata neno moja.

Njia aliyochagua ni sahihi. Mwaka 1998 Thorsten Joachims alionyesha kwa nini SVM inamudu maandishi: kila neno linakuwa sifa, sifa zinafika maelfu, nyingi ni sifuri katika kila ujumbe, na SVM haibabaishwi na wingi huo. Keneli ya mstari ulionyooka inatosha. Ila aache kukata meseji kwa maneno mazima. Kiswahili kinabandika kila kitu kwenye kitenzi: nitumie, itume, umtumie, tumeni. Kwa kompyuta hayo ni maneno manne yasiyojuana. Akate kwa vipande vya herufi tatu hadi tano, na "tum" itaonekana katika yote manne. Faida ya ziada ni kwamba anayeandika "namb hii" badala ya "namba hii" naye ananaswa. Kisha aweke class_weight iwe "balanced", ili kosa kwenye zile 100 liwe na uzito kuliko kosa kwenye zile 1,900.

Lakini usimruhusu aifanye ifute meseji. Mteja wako wa kweli anaandika "mama ile hela ya vitenge nishatuma", na ukiisoma haraka haina tofauti kubwa na ya tapeli. Iweke alama tu, uamuzi ubaki wako. Afundishe kwa meseji za miezi ya nyuma na apime kwa za mwezi huu, kwa sababu matapeli hubadilisha maneno. Na kabla data haijatoka kwenye simu, kila namba ya mtu igeuzwe kuwa neno NAMBA na kila jina lifutwe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wateja wako hawakukutumia meseji ili ziwe somo la chuo.

Zile za utapeli endelea kuziripoti 15040. SVM haimkamati mtu.

Nimefunga simu mkononi, nasoma akselerometa, kipima mchapuko cha simu, ili nitambue kupunga, duara na kusukuma. SVM inajibu "duara" kila mara. C nimeibadilisha mpaka nimechoka, gamma nimeiacha 1. Sifa zangu: wastani wa mchapuko, mchapuko wa juu kabisa, na muda wa ishara kwa milisekunde. (Fundi simu, Ubungo)

Fundi, iache C ipumzike, ile namba ya adhabu kwa mfano unaoangukia upande usio wake. Vipimo vyako havilingani.

Simu iliyotulia husoma mchapuko wa takriban 9.8 kwa sababu ya mvutano wa dunia. Ukitikisa mkono, namba inapanda na kushuka kidogo tu. Lakini muda wako ni 900, 1,100, 1,300. Keneli ya RBF, ile ya mpaka uliopinda, huchukua tofauti kati ya mifano miwili, inaizidisha kwa yenyewe, halafu inazidisha kwa gamma, namba inayoamua kufanana kupungue haraka kiasi gani. Tofauti ya milisekunde 200 inakuwa 40,000. Kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa ndivyo kufanana kunavyokaribia sifuri, na kwa 40,000 kompyuta inaandika sifuri kabisa. Maana yake hakuna mfano unaofanana na mwingine. Ishara mpya ikija haina ndugu hata mmoja, na kinachobaki kutoa jibu ni namba zisizobadilika zilizomo ndani ya modeli, moja kwa kila jozi ya ishara. Namba hizo kwako zimeangukia "duara".

Tumia StandardScaler ya scikit-learn: kila sifa inatolewa wastani wake, kisha inagawanywa kwa mkengeuko sanifu wake, yaani kiasi namba zake zinavyotawanyika, zote zinakuwa na uzito unaolingana. Wastani huo upigwe kwenye data ya mafunzo peke yake, vinginevyo mtihani unavuja. Ukiziweka scaler na SVC ndani ya Pipeline moja, hilo linajishughulikia lenyewe.

Baada ya hapo ndipo utafute C na gamma, zote mbili kwa pamoja, kwa kuruka mara kumi: C kuanzia 0.1 hadi 1,000, gamma kuanzia 0.001 hadi 1. Kila ukimaliza, tazama n_support_, inayokuambia vekta egemezi ni ngapi. Ukiwa na mifano 300 na 290 kati yake ni vekta egemezi, modeli haijapata mpaka wowote wa maana. Ama gamma bado ni kubwa mno, ama sifa zako tatu hazitoshi kutenganisha kupunga na kusukuma. Mimi ningeongeza mchapuko wa kila mhimili peke yake.

Vijana wangu wa kidato cha tano wananiambia SVM ni mambo ya kale, siku hizi ni mitandao ya neva (neural networks) tu. Je, ni kweli? Na inahitaji kompyuta ya bei mbaya? (Mwalimu, Kigamboni)

Mwalimu, ni ya kale kweli. Mzizi wake ni kazi ya Vladimir Vapnik na Alexey Chervonenkis huko Moscow miaka ya 1960. Keneli iliingizwa mwaka 1992 na Boser, Guyon na Vapnik, na mwaka 1995 Cortes na Vapnik wakaeleza namna ya kuvumilia mifano inayoangukia upande usio wake. Ikatamba mpaka 2012, mitandao ya neva ilipoanza kuitupa mbali kwenye utambuzi wa picha.

Kwa mamilioni ya picha, vijana wako wako sahihi. SVM ya keneli inazidiwa mifano ikifika makumi ya maelfu, kwa sababu ukiongeza data mara mbili, muda unaongezeka mara nne au zaidi. Kwa mifano mia tano na laptopu ya kawaida isiyo na kadi ya michoro, mimi bado naanza na SVM. Na ile MediaPipe ya mwanafunzi wa Mwenge ndani yake ni mtandao wa neva. Inatafuta pointi za vidole, SVM inaamua ni ishara gani. Vinafanya kazi pamoja bila ugomvi.

Nina karakana ya samani. Nataka kamera iwashe feni na redio kwa ishara ya mkono, na izime msumeno wa umeme nikikunja ngumi. Kijana aliyenifungia anasema imekamilika, ila feni inawaka nikijikuna kichwa. (Seremala, Keko)

SVM uliyofungiwa inajua makundi uliyoifundisha tu, na lazima ichague mojawapo. Haina jibu la "hii si ishara". Ukijikuna, inatafuta kundi lililo karibu zaidi na kulitaja bila aibu. Mwambie kijana aongeze kundi la nne la mikono iliyo kazini: kupiga randa, kupima kwa futi, kushika kikombe cha chai, kujikuna. Kundi hili liwe na mifano mingi kuliko mengine yote, kwa sababu ndivyo mikono yako inavyoshinda siku nzima. Pia amri isitekelezwe kwa picha moja. Ingoje jibu lilelile lirudie, tuseme, katika picha 10 kati ya 12 zinazofuatana. Utasubiri chini ya nusu sekunde, na kwa feni hilo si neno.

Asije akakuonyesha kwenye skrini "uhakika asilimia 87" ukaona mambo yameiva. SVM kwa asili hutoa umbali kutoka kwenye mpaka, si uwezekano. Ile asilimia hukokotolewa baadaye, kwa kawaida kwa njia aliyoitoa John Platt mwaka 1999, na kwa data kidogo inapotosha.

Msumeno uondoe kabisa kwenye mpango huu, kaka. Vumbi la mbao likikaa kwenye lenzi, umeme ukififia, au kidole kikiwa kimeshaumia na huwezi kukunja ngumi, kamera haitakuona. Funga swichi ya dharura, ile nyekundu ya kubonyeza, mahali ambapo goti lako linafika ukiwa umeshika ubao kwa mikono yote miwili, na ikate umeme wa msumeno moja kwa moja bila kupitia kompyuta.