Uliza Dada Uzi: Rangi ya bitiruti imekimbilia wapi?

Haya jamani nimerudi. Huku Bradford, Uingereza, Jumapili ya mwisho ya Machi tumesogeza saa mbele kama kila mwaka, tukaambiwa ndo springi hiyo imeingia, kesho yake naamka theluji imekaa juu ya bati la jirani wala haina haraka. Dafodili zimechanua lakini zimejikunyata kama abiria wa daladala asubuhi ya mvua. Ila mwanga upo, saa moja jioni bado kweupe, na mi nadhani huo mwanga ndo umeniletea barua nyingi hivi, maana watu walikuwa wanafuma miezi mitano chini ya taa ya umeme, sa hivi wanasogea dirishani wanaona walichofanya. Wengine wamefurahi. Wengine, basi, tuanze na huyu.

*Shikamoo Dada Uzi. Mwezi wa pili nilichemsha bitiruti nikachovya uzi wa sufu, ukatoka pinki moja tamu sana mpaka nikampigia mama video. Nikafuma kofia ya mtoto nikaiweka dirishani. Sasa hivi imekuwa rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Nimekosea wapi? Chumvi niliweka, siki niliweka.*
*Mama Pinki, Hull*

Marahaba mdogo wangu, na pole. Hujakosea kupika, umekosea kuchagua. Bitiruti ni muongo. Ile rangi yake inapaka tu juu ya uzi, haishikani nao, ikipigwa na mwanga wiki chache inaondoka zake, na hapo hata ungemwaga siki ya mtungi mzima. Kabichi nyekundu na rosela ni ndugu zake hao, manjano naye anashika vizuri mwanzoni ila jua linamla polepole. Mi mwenyewe mwaka wa kwanza nilichovya skafu nzima kwa rosela nikatamba nayo siku tisa.

Unachotaka ni maganda ya vitunguu. Usicheke. Yale makavu ya nje, ya njano, nenda sokoni jioni ukawaombe, chini ya visanduku vya vitunguu yamejaa na wao wanayafagia tu. Halafu tafuta shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi wetu walikuwa wanakupaka shavuni ukishakatwa na wembe, huku linauzwa la unga. Shabu ndo inayoushikisha uzi na rangi, ni kama mshenga, bila yeye hizo pande mbili zinaonana tu zinaachana.

Kwa uzi wa sufu gramu 100 mi naweka shabu gramu 12. Loweka uzi kwanza kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa au zaidi, ulowe kabisa hadi ndani, usipolowa vizuri rangi itashika madoamadoa. Koroga shabu kwenye maji ya moto mpaka iyeyuke, tia kwenye sufuria kubwa yenye maji, tumbukiza uzi, washa moto mdogo, pandisha taratibu mpaka uone mvuke unatoka ila maji hayachemki, kaa hapo saa nzima kisha zima, acha upoe humohumo. Sufuria nyingine chemsha maganda gramu 50 hadi 100 kwa saa moja, chuja, weka uzi wako, moto mdogo tena dakika 45, na kama una subira uache ulale humo usiku kucha. Asubuhi utatoa kitu rangi ya dhahabu inayoelekea chungwa, na hiyo hata mtoto akiivaa mpaka imbane bado utaitambua. Ukitaka kijani cha zeituni, uzi uleule ukishaiva ongezea kwenye sufuria maji kidogo uliyolowekea misumari yenye kutu, kidogo tu, chuma kikizidi kinaufanya uzi uwe mkavu unakwaruza.

Na kama roho yako ni ya pinki tu, kusanya kokwa za parachichi. Tano sita, zioshe, zikate, zichemshe polepole na uziache zilale, zina ukakasi wa kwao unaoshika uzi hata bila shabu. Inatoka pinki ya udongoudongo, siyo ile ya kelele. Hizi dafodili nazo zinatoa njano nzuri kwa shabu, ila chukua zilizonyauka, usiende kuvuna bustani ya manispaa halafu useme Dada Uzi kanituma. Na sufuria ya rangi ibaki ya rangi, hata kama umeisugua inang'aa usirudi kupikia wali.

*Dada habari za huko. Mimi nilinunua uzi Kariakoo, mweupe laini mzuri, nikaupika na manjano kama ulivyowahi kueleza. Manjano yote yamebaki kwenye maji. Uzi umetoka mweupe vilevile kasoro sufuria na vidole vyangu.*
*Fundi wa Njombe*

Huo siyo sufu, ndugu yangu, huo ni akriliki, yaani plastiki iliyovutwa ikawa uzi. Plastiki hainywi rangi za jikoni, ungeupika mpaka Krismasi. Kata kipande kidogo, kishike kwa koleo juu ya sinki, kiwashie kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inazima yenyewe, majivu unayasaga kwa vidole. Akriliki inayeyuka inakuwa kidonge kigumu cheusi. Pamba inaungua kama karatasi na harufu ni ya karatasi. Mi mwenyewe naenda dukani na lebo nimeisoma na bado nikifika nyumbani naunguza, sina imani na mtu.

Usiutupe lakini. Kwa baridi ya Njombe mwezi wa sita na wa saba akriliki inatengeneza sweta la shule zuri tu, linafuliwa vyovyote. Ila ukitaka uzi wa rangi nunua uliotiwa rangi tayari. Na usihangaike kumnyoa kondoo wa Kimasai jirani yako, nimeshaulizwa hilo, wale wekundu wana nywele siyo sufu, hazisokoteki zikawa uzi wa maana.

Huku kwangu habari ya kuujua uzi ndo iliyojenga mji. Hapa pembeni kuna kiwanda cha Saltaire, kilifunguliwa 1853 na Titus Salt, na huyo bwana utajiri wake mwingi aliupata kwa manyoya ya alpaka, mnyama wa kule Peru, mzigo ambao wenzake walikuwa hawajui waufanyeje. Yeye akakaa akausoma mpaka akajua unasokotwaje. Leo ndani mle kuna picha za sanaa na mgahawa, mi huwa naenda na kroshia yangu nakaa karibu na dirisha.

*Dada Uzi, naomba unisaidie haraka, mjamzito ni wifi yangu na anajifungua Mei. Nimechukua patani ya blanketi mtandaoni, imeandikwa dabo kroshe mistari 80, nimefuma yote 80 na limetoka fupi kama taulo la mkono tena gumu. Kroshia nimetumia namba waliyosema. Nimelia.*
*Shangazi Mtarajiwa, Leicester*

Futa machozi wifi, hapo umekutana na ugomvi wa Waingereza na Wamarekani, na umeumia katikati kama nyasi za wale tembo. Patani yako ni ya Kimarekani. Wewe umejifunzia Uingereza, kwa hiyo ukiona dabo kroshe unaingiza kroshia, unavuta kitanzi, unavuta tena kupita vitanzi viwili, basi. Mmarekani hiyo anaiita singo. Dabo ya kwake anazungusha uzi kwanza kabla hajaingiza, halafu anavuta mara mbili mbili, inatoka ndefu karibu mara mbili ya hiyo yako, ndo ambayo huku tunaita trebo. Jina moja vitu viwili! Sijui nani aliwaruhusu.

Namna ya kuwagundua ni rahisi: ukiona popote imeandikwa singo kroshe, huyo ni Mmarekani, maana Mwingereza hana kitu kinaitwa singo kabisa. Na kwenye sindano za kufumia nako angalia, namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4, namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Mi siangalii namba siku hizi, naangalia milimita tu.

Kufumua nako hakuna aibu, fumua, zungusha donge upya, uanze kwa trebo. Kabla hujaanza fuma kipande cha majaribio sentimita 10 kwa 10, najua unaona ni kupoteza muda, kila mtu anaona hivyo mpaka afume mistari 80. Mei unawahi. Na usipowahi mtoto hataondoka.

*Shikamoo. Mama alipofariki niliondoka na vitambaa vyake vya kochi, vile vya kufuma kwa kroshia vya uzi mweupe wa pamba, alivifuma mwenyewe kabla sijazaliwa. Vimekuwa na umanjano na vingine vina doa. Natamani kuvitia rangi ili nivitumie huku lakini naogopa kuviharibu.*
*Binti wa Tanga, Minneapolis*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nikaiweka chini nikaenda kupika chai kwanza. Sebule ya kwetu ilikuwa hivyohivyo, kitambaa kwenye kochi, kitambaa kwenye redio, kitambaa juu ya tivii na juu yake tausi wa plastiki, na ole wako ukute mgeni kakalia kimekunjamana, siyo mgeni atakayesemwa ni wewe.

Usianze na rangi. Anza na kuviosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, na unga ule wa kutoa madoa wa oksijeni, viloweke masaa kadhaa hata usiku mzima, usisugue wala kukamua kwa kusokota. Jiki usithubutu, klorini inaudhoofisha uzi wa pamba wa zamani, unatoka mweupe wiki mbili halafu unakatika wenyewe. Ukivitoa vitandaze juu ya taulo, uvinyooshe kila pembe kwa pini, vikauke bila kutundikwa. Inawezekana kabisa umanjano wote ukaondoka na hamu ya rangi ikaisha.

Kama madoa yamegoma, chai. Vipakiti vinne vya majani ya chai kwa lita moja, yachemke vizuri, chuja, chovya kitambaa kikiwa kimelowa, dakika 20 angalia, kinatoka rangi ya pembe za ndovu na doa linajificha humo. Anza na kile kibovu kuliko vyote. Halafu ukitaka visimame kama vya mama, koroga wanga wa muhogo mwepesi, chovya, kamua kwa kubonyeza, piga pasi kikiwa na unyevu. Ule wenye harufu yake unaujua.

Kimoja kiache kama kilivyo na doa lake.

*Dada, mume wangu kafua sweta langu la sufu kwa mashine digrii 60. Sasa linamtosha mdoli. Kuna dawa?*
*Mwenye Hasira, Leeds*

Hamna. Unywele wa sufu una magamba madogo kama ya samaki, joto na sabuni na kule kupigwapigwa vikikutana magamba yanang'ang'aniana na hayaachiani tena. Lililoandikwa supawoshi ndo limetibiwa lisifanye hivyo. Likate, halitafumuka, toa vishikio vya sufuria viwili vizuri sana. Mpe yeye ndo awe anapikia.

*Habari Dada Uzi. Mimi ni mwanaume, miaka 34, nafanya kazi ghala usiku. Baridi ya mwaka huu imenifanya nitamani kujifunza kufuma, kichwa kinatulia nikiangalia video zake. Ila washkaji wakiniona nimekwisha. Nifanyeje?*
*Jina nalihifadhi, Leeds*

Mdogo wangu, panda gari uende Dent, kijiji cha milimani hukuhuku upande wa kaskazini. Zamani wanaume wa kule walifuma soksi pamoja na wake zao na watoto, wakitembea, wakichunga, wamechomeka kijiti cha mbao kiunoni cha kushikilia sindano ili mkono mmoja uwe huru, walikuwa na kasi mpaka wakaitwa wafumaji wa kutisha. Na kisiwa cha Taquile huko Peru kofia wanafuma wanaume mpaka leo, ufumaji wao uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO. Kwa hiyo washkaji zako waambie wakuulize wewe.

Anza na sindano za mbao milimita 5, chuma kinateleza vitanzi vinakukimbia, na uzi mnene kiasi wa rangi ya mwanga, mweusi usiuguse mwanzoni hutaona unachofanya hasa kwa taa za ghala. Vitanzi 30, mshono uleule mmoja kwenda na kurudi, skafu. Uzi wote nunua siku moja na uangalie namba ya mkupuo wa rangi kwenye lebo (dye lot) zifanane, zikitofautiana utapata mstari katikati unaouona wewe na kila mtu. Utaimaliza kama Juni hivi, na kwa Leeds ninayoijua mi utaivaa hiyohiyo Juni.