Kobe wa tangini na kobe wa bustanini: tabia nilizoziona kwa kobe wangu mmoja

Mleta mada, umesema uko Denmark, kobe wako wa Hermann (aina ndogo ya kobe wa kusini mwa Ulaya) ana miaka minne, na ndani anakwaruza kona ya tangi la kioo kutwa nzima. Kila Jumamosi ukimtoa bustanini kwa saa moja anajichimbia chini ya kichaka hadi umrudishe. Unauliza kama anapenda ndani au anaumwa. Nimepita hapohapo, acha nieleze kwa kirefu.

Niko Leipzig, Ujerumani, na kobe wangu, jike wa aina hiyohiyo, nimekaa naye mwaka wa saba sasa. Miaka miwili ya mwanzo aliishi sebuleni kwenye tangi la mita moja kwa nusu mita, kama nilivyoshauriwa dukani. Taa ya joto ilikuwepo, ya UVB, mionzi kama ile ya jua, ilikuwepo. Alikuwa na mambo mawili tu: kukwaruza kona, na kunijia mbio asubuhi akisikia nyayo zangu, anyooshe shingo nimlishe mkononi. Hilo la pili nililipenda mno. Ninaishi peke yangu huku, na kiumbe anayekukimbilia asubuhi si jambo dogo.

Mwezi wa tano wa mwaka wa tatu nikamhamishia nje moja kwa moja. Siku tisa nzima sikumwona ila gamba lake chini ya lavenda. Nilikaribia kumrudisha ndani. Siku ya kumi, kwenye saa tatu asubuhi, nikamkuta juani kajilaza bapa, miguu yote minne kainyoosha na shingo kaitoa nje. Sikuwahi kumwona akilala hivyo sebuleni, hata mara moja.

Baada ya hapo alikuwa na ratiba yake mwenyewe. Anaota jua kwanza, halafu anakula huku anatembea: anauma jani moja, anaruka matatu, anasogea. Anachopenda zaidi ni Löwenzahn, jani la magugu ya huku lenye uchungu kama mchunga wetu. Jua likiwa kali mchana anaingia kivulini, anatoka tena saa kumi, na jioni anarudi shimoni palepale. Sisi tuliokulia Unguja tumewaona wale makobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Mchana nao hujikunja chini ya miti vivyo hivyo, na hakuna anayesema wanaumwa.

Kwa hiyo kujificha kwa kobe wako hakunitishi. Saa moja kwa wiki haimtoshi hata kujua kichaka kiko wapi. Kila Jumamosi kwake ni mahali pageni, na kobe mahali pageni hujificha kwanza. Mtengenezee eneo la kudumu, kisha umwache humo wiki mbili bila kumnyanyua ovyo.

Lakini usidhani nje peke yake ndiyo dawa ya kukwaruza. Uzio wangu wa kwanza ulikuwa wa waya, na alitembea ukingoni mwake siku tatu mfululizo, uso kwenye waya, kama alivyokuwa kwenye kioo. Kobe akiona upande wa pili haelewi kwa nini hapiti. Nilipobandika mbao akaacha siku ileile. Leo hii, kabla hujajenga chochote, funika kioo kwa nje na karatasi nzito hadi juu ya kichwa chake, uone. Ikiwezekana achana na tangi kabisa, mpatie sanduku pana la mbao lililo wazi juu.

Kuna kukwaruza kwa aina nyingine ambako hakusubiri. Jike aliyekomaa huweza kubeba mayai hata bila dume. Ukimwona hatulii, anachimba kwa miguu ya nyuma na kuacha, tena na tena, huenda anatafuta pa kutagia. Ndani, kwenye udongo wa kina cha vidole vitatu, anaweza kuyazuia mayai, na hilo huua. Mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua wanyama watambaao. Vilevile akitoa kamasi puani, akivimba macho, au jua likiwaka na bado hatoki kuliota baada ya kuzoea.

Eneo langu ni mita nne kwa mbili, lina kibanda cha kukuzia miche chenye taa ya joto kwa siku za baridi, na wavu juu kwa sababu ya mbweha na rakuni. Rakuni wa huku huwang'ata kobe miguu, kwa hiyo wavu usiuache. Mkiwa Tanzania au Kenya msiichukulie habari hii kuwa ruhusa ya kuokota kobe porini. Wale wanalindwa na sheria, na kufuga kunahitaji kibali.

Kuhusu kunikimbilia: aliacha. Nikitoka asubuhi ananitazama, kisha anaendelea na jani lake. Mwaka wa kwanza iliniuma sana. Siku hizi natoka na chai yangu, nakaa kwenye ngazi, namtazama tu.

Mpime uzito wiki hii, na utuambie ni dume au jike, maana kwenye suala la mayai jibu langu linategemea hapo.