Ile Supu Haikuwa Bata

Mdogo wangu, nimetuma picha moja tu ya bakuli la supu kwenye grupu la familia, hadi jioni nimeshakuwa tajiri. "Dada anakula bata Berlin." Anko naye akadakia: basi hela ya pikipiki ipo. Nikazima simu, nikalala na hasira zangu.

Sikia sasa. Nadeki vyoo na korido za jengo la ofisi huku Lichtenberg. Mapumziko ni nusu saa, na hailipwi. Miezi minane nimekula mkate na yai la kuchemsha kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nimekalia ndoo niliyoipindua, maana kila nikiona bei ya chakula cha nje naigeuza shilingi kichwani, njaa inakata yenyewe.

Siku ile nilisahau chakula nyumbani. Karibu na kazini kuna Dong Xuan Center, maghala ya Wavietnam wanakouza kuanzia kucha bandia hadi magunia ya mchele. Nikafuata harufu mpaka kwenye kimgahawa cha meza nne, mama mmoja na ndala zake, mama ntilie kabisa. Yuro saba na nusu. Ndiyo, inapita elfu ishirini, najua. Wanaiita pho: tambi za mchele, nyama nyembamba kama karatasi, majani, ndimu pembeni. Lakini mchuzi wake! Mifupa imechemka saa nyingi, ndani mna mdalasini, karafuu, tangawizi iliyochomwa motoni. Supu ya ng'ombe iliyopikwa na mpishi wa pilau. Niliinywa mbiombio hadi ulimi ukaungua, dakika zilikuwa zimebaki kumi na moja. Yule mama akaitazama sare yangu, akaniongezea mfupa, hakusema kitu.

Siku hizi tunaongea. Alikuja 1987, Ujerumani Mashariki, kushona kiwandani kwa mkataba. Asilimia 12 ya mshahara ilikatwa kwenda serikalini kwao, ati kujenga taifa. Ukishika mimba, uitoe au urudi kwenu. Na bado walijaza masanduku ya mbao: sabuni, sukari, baiskeli, vyote vya kutuma kwao. 1989 Ukuta wa Berlin ukaanguka, viwanda vikafungwa, wengi wakaambiwa chukueni marki 3,000 na tiketi mwende. Yeye akabaki, akauza maua barabarani. Nikamuuliza, kwenu walijua unavyoishi? Akacheka. "Waliuliza baiskeli ni ya rangi gani."

Kwa hiyo usije. Cherehani yako inakulisha, tena unalala kwa mama. Ila kama utakuja, na utakuja tu, kichwa ngumu wewe, Kijerumani kisome hukohuko; hapa ukishashika dekio hupati muda wa darasa. Dalali usimpe hata mia. Viatu vya baridi utanunua huku. Na usije Novemba, utalia. Ukifika nitakupeleka kwa yule mama, nalipa mimi, na simu utaiacha nyumbani.

Mama usimwambie habari za vyoo. Anajua niko ofisini, na kweli niko ofisini. Dawa zake na ada ya mtoto natuma Ijumaa. Pikipiki ya anko, mwambie nimeshaila na tambi zake.