Picha za harusi: nyingine C, nyingine D, nyingine sijui

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina studio ndogo ya picha hapa Bombo. Kompyuta yangu ina diski mbili: C ni SSD (diski ya kasi) ya GB 240, D ni ya kawaida ya TB 1. Programu nimezitawanya kote, picha za harusi ndiyo usiseme. Nikianza kunakili kwenye diski ya nje nafika usiku wa manane, na bado sijui nimeacha nini. Nipangeje?
Mama Studio, Bombo

JIBU: Marahaba, dada. Programu zisikuumize kichwa. Photoshop ikipotea utaiweka upya. Bibi harusi wa Jumamosi iliyopita hatavaa shela tena kwa ajili yako. Basi programu zote zikae C pamoja na Windows. Zilizoko D usizihamishe kwa kukata na kubandika, nyingi zitagoma kufunguka. Ziondoe kwa Uninstall, kisha uziweke upya.

Kazi yote iende D. Hapa ndipo watu wanapoumia, nami niliumia pamoja nao. Mteja mmoja wa Wandegeya aliniapia kwamba kila kitu chake kiko D, nikafuta C na kuweka Windows upya. Kumbe tasnifu ya mwanafunzi ilikuwa Desktop! Desktop, Documents na Pictures kwa kawaida huwa C, ndani ya folda ya Users, hata kama macho yanakuambia ziko "mezani" tu. Bofya folda ya Pictures kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Location, kisha Move, uielekeze kwenye folda yake huko D. Fanya hivyo hivyo kwa hizo mbili nyingine.

Kama unarekebisha picha kwa programu ya Lightroom Classic, tafuta faili lenye mkia wa .lrcat. Marekebisho yako ya rangi yamo humo, si ndani ya picha, na watu hulisahau kila siku. Funga programu, hamishia D folda yake nzima, halafu ulifungue kutoka huko.

Majina ya folda yaanze na mwaka, mwezi, tarehe: 2025-03-15 Harusi Luwero. Yatajipanga yenyewe.

Sasa unanakili D peke yake. Lakini D si akiba! Imo kwenye boksi moja na C. Umeme ukirudi kwa kishindo, au mwizi akibeba boksi, zinakwenda zote. Nunua diski mbili za nje, uzifomati kwa mfumo wa exFAT, kwa sababu mfumo wa zamani wa FAT32 hukataa faili la kufikia GB 4 na video ya harusi hupita hapo mapema. Moja ibaki studio, ikiwa imechomolewa. Nyingine iwe kwa mama yako, mbadilishane kila Jumatatu.

Na kadi ya kamera usiifute kwanza. Peleka diski kwa jirani, fungua picha tatu nne kwenye kompyuta yake. Zikifunguka, futa.