Kabla hujaandika katiba ya chama, panga saa ya mkutano

Wengi wanaotaka kuanzisha chama cha watu wenye ulemavu katika eneo lao huanza kwa kuniomba mfano wa katiba. Ninao, na huwa nawapa. Ila nawauliza kwanza: mkutano wenu utakuwa saa ngapi, na nani kaipanga saa hiyo?

Mtu anayeamka, akaoga na kuvaa mwenyewe huona swali hilo ni la kupoteza muda. Kwa sisi tunaoinuliwa kitandani, tukaogeshwa na kuvishwa na msaidizi, saa ya mkutano ndiyo inayoamua nani atakuwepo. Mkutano wa saa mbili asubuhi ni wa wafanyakazi wa huduma. Wanaohudumiwa bado wamelala wakisubiri zamu ifike. Nimeshakaa kwenye kamati iliyokuwa yetu kwa jina, lakini ratiba yake ikifuata gari la ofisi. Wenye gari ndio walioamua mengi. Hawakuwa na nia mbaya. Wao ndio waliokuwepo.

Kwa hiyo, ukifika kwenye katiba, kipengele cha kwanza kukipigania ni wingi wa kura. Zaidi ya nusu ya kamati wawe watu wenye ulemavu, na mimi huongeza sharti kwamba wengi kati yao wawe wanatumia huduma za wasaidizi hivi sasa. Kituo cha kuishi kwa kujitegemea cha Berkeley, California, ambacho Ed Roberts, mwanaharakati mwenye ulemavu, na wenzake walikianzisha mwaka 1972, kilijengwa juu ya wazo hilo, na leo sheria ya Marekani inataka vituo vya aina hiyo viwe na watu wenye ulemavu zaidi ya nusu katika wafanyakazi na katika nafasi za maamuzi. Mwaka 1980 mjini Winnipeg, Kanada, shirika la Rehabilitation International, lililotawaliwa na wataalamu wa huduma kwa watu wenye ulemavu, lilikataa pendekezo la kuwapa watu wenye ulemavu nusu ya uwakilishi. Waliokataliwa hawakubaki kubembeleza. Mwaka uliofuata walikuwa na chombo chao, Disabled Peoples' International. Wazazi, ndugu na wasaidizi wakaribisheni kwa moyo mkunjufu, wachangie mawazo, wabebe viti. Wingi wa kura ubaki kwa wenye jambo.

Hata hivyo, chama kinaweza kuwa na kura zote hizo na bado kikawa kimya, kwa sababu ya woga. Utamlalamikiaje mtu ambaye kesho alfajiri ndiye atakayekupeleka chooni? Nimewasikia wanachama wakisifu huduma mbele ya wasaidizi wao kwa sauti ya kukariri, kisha wakabaki nyuma kusema kilicho kweli. Mtu wa nje huita hali hiyo kukosa ujasiri. Mimi naiita hesabu sahihi ya mtu anayejua funguo za nyumba yake ziko mfukoni mwa nani.

Tulichojifunza ni kutenga sehemu ya kwanza ya kila mkutano kwa wanachama peke yao. Wasaidizi wanakaa karibu, wanaitwa mtu akihitaji kugeuzwa au kunyweshwa maji, kisha wanatoka. Anayehitaji mtu wa kumsaidia kuzungumza humchagua mwenyewe, na mara nyingi tunabadilishana: msaidizi wangu anamsaidia mwenzangu anayehudumiwa na kampuni nyingine. Kinachosemwa humo hakitoki na jina la mtu. Tukisikia jambo lilelile kutoka kwa watu kadhaa, ndipo linakuwa barua ya chama.

Barua yetu ya kwanza ilihusu kulazwa. Watu wazima walikuwa wakipandishwa kitandani saa mbili usiku kwa sababu zamu inaisha, mmoja akiwa na miaka zaidi ya sitini na hamu kubwa ya kutazama mpira. Kila mmoja alidhani ni tatizo lake peke yake. Tulipoliweka mezani kama suala la wote, watoa huduma walikubali kuanzisha zamu ya usiku zaidi kwa wanaoitaka. Hatukupata yote tuliyoomba, kwani siku za mapumziko bado ni vuta nikuvute. Lakini tangu hapo watu walianza kuja mikutanoni bila kubembelezwa. Ndiyo maana nasema chagueni jambo moja linalomgusa mtu mwilini kila siku, mlishughulikie hilo kabla ya kuhangaika na nembo na malengo ya miaka mitano.

Karatasi za mkutano ziende mapema, kwa lugha nyepesi, na kwa sauti au nukta nundu kwa anayehitaji. Tuna kadi ambayo mjumbe akiiinua, msemaji anasimama na kurudia kwa maneno rahisi. Iliwekwa kwa ajili ya wenzetu wenye ulemavu wa akili. Wanaoiinua zaidi ni wasomi.

Kuhusu pesa nina msimamo ambao si kila mtu anaupenda. Mstari wa kwanza wa bajeti ni wasaidizi, wakalimani wa lugha ya alama na usafiri. Ukiviweka mwishoni, vitakatwa. Pia, kama idara inayosimamia huduma ndiyo inayowafadhili, tengeni mfuko mdogo wa michango yenu wenyewe kwa kazi ya utetezi, ili siku mkitaka kuikosoa idara hiyo msitumie fedha yake kuchapa barua. Vyama vingine vimekwenda mbali zaidi. Huko Stockholm, Uswidi, ushirika wa STIL, ulioanzishwa miaka ya 1980 na Adolf Ratzka na wenzake, uliwawezesha wanachama kukusanya pamoja fedha zao za kulipia wasaidizi na kila mmoja kuchagua na kusimamia wasaidizi wake. Kazi hiyo ni nzito, inahitaji mhasibu na mafunzo, na nisingemshauri mtu aanze nayo.

Kila cheo kishikwe na watu wawili. Miili yetu huugua bila kutoa taarifa, na chama chenye msemaji mmoja hulazwa hospitali pamoja naye.

Siku moja ofisi fulani itawaambia kwamba imeshazungumza na shirika linalowahudumia, basi inatosha. Nendeni na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Ibara ya 4, kifungu cha 3, inazitaka nchi wanachama zishauriane na watu wenye ulemavu kupitia vyama vinavyowawakilisha, na mwaka 2018 kamati ya mkataba huo ilifafanua kuwa vyama hivyo ni vile vinavyoongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe, na wao ndio wawe wengi katika uanachama. Wakiwaalika, ombeni ajenda mapema, ulizeni nani atalipia usafiri na msaidizi, na pelekeni wawakilishi wawili. Kama kikao ni saa mbili asubuhi, waombeni wakisogeze.