Kuacha diazepam ghafla

Umeniuliza kama mama yako anaweza kuacha diazepam, ile dawa ya kutuliza wasiwasi, kwa mara moja. Hapana, usimwachishe kwa siku moja, hata kama anasema wasiwasi umeisha. Akiwa ameimeza kila usiku kwa miezi, ubongo umeshaizoea. Ikikatwa ghafla anaweza kukosa usingizi, kutetemeka, wasiwasi kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na wengine huanguka degedege. Nauza dawa hapa Kondele, Kisumu, na swali hili haliishi kaunta.

Kinachowapoteza wengi ni kwamba diazepam hukaa mwilini siku kadhaa. Siku ya kwanza na ya pili mtu yuko sawa kabisa, anatangaza ameshinda, kisha shida inaanza wakati hakuna anayekumbuka vidonge.

Si dawa mbaya. Hutuliza wasiwasi mkali, hukata degedege, hulegeza misuli iliyokaza. Ila kwa wasiwasi inafaa kwa muda mfupi, wiki 2 hadi 4 hivi, si mwaka mzima kwa karatasi ileile ya daktari iliyochakaa. Aliyemwandikia ndiye apange kuipunguza kidogo kidogo.

Kwa sasa asichanganye na pombe (chang'aa ni pombe, jameni) wala tramadol (dawa kali ya maumivu) ya mgongo bila daktari kujua. Pamoja vinaweza kuzima pumzi. Na kwa umri wake, amka naye akienda choo usiku, maana miguu hulegea. Akianza kutetemeka au kuchanganyikiwa, hospitali leo leo.