Mchumba wa Muscat asiyetaka wazee wake waulizwe

"Dada, assalaam alaykum. Ni mstaafu wa miaka 61, mgane, naishi Makorora hapa Tanga. Watoto wote wako Dar es Salaam. Mwaka jana mwanamke alinisalimia Facebook, akasema kwao ni Pangani, upande wa Bweni, na anafanya kazi za ndani Muscat. Tukapendana. Kila alfajiri hunitumia sauti kuniuliza kama nimeamka salama. Kwanza aliomba vocha, kisha mama yake akaugua, kisha mwajiri akazuia pasipoti mpaka alipwe, kisha nauli ya ndege. Kiinua mgongo kimetoka milioni 6, na laki 8 nimemkopa mpwa wangu nikimdanganya ni za bati. Siku ya kumpokea hakushuka. Sasa anasema amekamatwa, zinatakiwa milioni 2. Nahisi naibiwa, ila moyo unakataa. Je, mimi ni mjinga?
Mgane, Makorora"

Waalaykum salaam, kaka yangu. Hiyo milioni 2 usiitume. Nimeanza na hilo kwa sababu najua unasoma hapa simu iko mkononi, naye anasubiri jibu.

Mjinga si wewe. Marekani, mwaka 2022 pekee, watu karibu 70,000 waliripoti kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho kwamba wametapeliwa kwa mapenzi, na jumla ya walichopoteza ilifika dola bilioni 1.3. Uongo uliotajwa zaidi katika taarifa zao ni huohuo uliopewa wewe: naumwa, au mtu wangu anaumwa, au nimefungwa. Wote hao hawawezi kuwa wajinga.

Nikuambie ninavyoona mimi. Mtu aliyezoea kuulizwa "umeamkaje" kwa miaka mingi, halafu siku moja nyumba ikanyamaza, huyo akipata wa kumuuliza tena atamfungulia mlango. Tapeli anajua hivyo, na ameifanya kuwa kazi yake. Anaamka alfajiri kama mtu wa zamu, anakumbuka goti lako linalouma, anakumbuka siku ya kisomo cha marehemu. Mapenzi ya kweli nayo huonekana hivyohivyo, kwa hiyo moyo wako haukukosea kuyatambua. Ulichodanganywa ni kuhusu nani anayatoa na anataka nini.

Halafu angalia uongo wenyewe ulivyofumwa kwa mambo ya kweli. Hapa kwetu wengi tuna binti au jirani aliyekwenda Oman kutafuta, na tumesikia habari za pasipoti kufungiwa kabatini na mwajiri. Ungeambiwa ni jenerali wa Marekani ungecheka. Umeambiwa jambo unalolijua, likakuuma. Lakini Mtanzania aliyezuiliwa pasipoti Muscat ana ubalozi wake palepale Muscat wa kukimbilia. Na hebu jiulize: mwajiri Mwarabu alipwe Oman kwa pesa iliyotumwa kwenye namba ya simu ya hapa Tanzania? Rudi kwenye meseji zako za miamala usome majina ya waliopokea. Nina hakika jina lake yeye halimo hata mara moja.

Vocha ilikuwa kipimo. Ulipotoa ndogo bila swali, akapanda. Na kadiri ulivyotoa ndivyo ilivyokuwa vigumu kuacha, maana kuacha ni kukubali kwamba zote za nyuma zimekwenda. Ndiyo maana hata sasa, baada ya uwanja wa ndege, bado unapiga hesabu ya milioni 2.

Lililonikaa zaidi katika barua yako ndefu, ambayo hapa nimeifupisha, ni sentensi ambayo wewe umeipita haraka: alikwambia usiwaulizie ndugu zake Pangani kwa sababu wana husuda. Kaka, wewe umeoa hapa hapa Tanga. Unajua posa inavyokwenda: mshenga anatumwa, wazee wanauliza huyu ni wa nani, kwao wapi, anaishije na watu. Ukivuka mto pale Pangani ukateremka Bweni, ukitaja ukoo utaonyeshwa nyumba kabla hujamaliza salamu. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwondoa mshenga katikati. Alipofanikiwa hapo, mengine yalikuwa mepesi.

Sasa fanya hivi, na leo. Usimgombeze, usimwambie umemgundua, nyamaza tu. Usifute kitu: sauti, picha na meseji za miamala ndio ushahidi wako. Piga simu kwa kampuni ya mtandao wako uwape namba zilizopokea pesa, kisha ziripoti TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, kupitia namba 15040, uende polisi. Hili ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Sitakuahidi pesa zitarudi. Mara nyingi zinakuwa zimeshatolewa kwa wakala siku ileile. Na akitokea "wakili" au "afisa" anayesema atazirudisha ukilipa ada kidogo, huyo ni mwenzao.

Mpwa wako mwambie kweli, uso kwa uso. Pangeni kiasi cha kumlipa kila mwezi kutoka kwenye pensheni, hata kama ni kidogo. Lakini kabla yake mpigie binti yako mkubwa. Unaogopa watoto watasema mzee amezeeka vibaya. Huenda atalia, huenda atakasirika siku mbili. Siri hii ndiyo iliyomlisha tapeli mwaka mzima, na ikibaki kwako peke yako atarudi kwa jina jingine.

Na kutaka mke katika miaka 61 hakuna aibu yoyote. Liseme waziwazi kwa dada zako na kwa imamu wa mtaa wako, wakutafutie mshenga. Niandikie ukishaongea na binti yako. Huyo wa Muscat usimjibu hata salamu.